Nilimwambia mwenye bango ametoka kidogo

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne na kuifuta. Naomba univumilie kwa urefu wake.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa 3, ninasomea biolojia ya vijidudu. Ninachunguza bakteria wanaojikusanya na kujifunika utando juu ya mipira ya mkojo wanayowekewa wagonjwa. Bakteria mmoja mmoja dawa inamuua. Wakishajifunika utando, dawa ileile inawapitia juu tu. Kazi hii naipenda, Shangazi. Naweza kukaa na darubini mpaka usiku nisijue saa zimekwenda wapi. Shida inaanza nikiinua kichwa.

Kikundi chetu kina watu 14. Mwanamke ni mimi peke yangu, na mwenye rangi ya ngozi kama yangu ni mimi peke yangu. Hakuna aliyewahi kunitukana. Ningetukanwa labda ningejua la kujibu. Ni mambo madogo madogo. Wageni wakija maabara, wenzangu wanaulizwa habari za utafiti, mimi naulizwa choo kiko upande gani. Nikitoa wazo kikaoni kunakuwa kimya, kisha mwenzangu akilisema tena baada ya dakika tano, linaandikwa. Wenzangu wanajua nani amepata fedha za utafiti, nani anatafuta mtu wa kuajiri, jarida lipi linapokea makala za aina gani. Mimi nasikia muda wa kuomba umeshapita. Nikiuliza naambiwa, "Hilo kila mtu anajua." Sijui huwa linatangazwa wapi.

Mwaka jana nilikwenda kwenye kongamano na bango la utafiti wangu. Nilisimama kando ya bango karibu saa nzima, kitambulisho kifuani. Akaja bwana mmoja wa makamo, akalisoma kwa makini, mpaka akainama kuangalia mchoro wa chini kabisa. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa adabu, "Mwenye bango yuko wapi? Nina swali."

Shangazi, nilimjibu, "Ametoka kidogo."

Akashukuru, akaenda zake. Nilijifungia chooni mpaka kipindi kikaisha. Hili sijamwambia mtu yeyote hadi leo. Yule bwana sina kinyongo naye sana. Kinachoniuma ni kwamba nilijikana mwenyewe.

Sasa yamenikuta matatu kwa mpigo. Msimamizi wangu amenipangia kuwasilisha utafiti jukwaani, dakika 12, kwenye kongamano litakalofanyika baada ya miezi 3. Mwenzangu mmoja ambaye kwa kawaida tunaelewana akaniambia, "Una bahati, siku hizi wanawatafuta watu kama ninyi." Akacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa kubahatisha. La pili, profesa mmoja mwanamke, ambaye makala zake nazinukuu karibu kila ukurasa, aliniandikia baruapepe. Anasema aliliona bango langu na angependa tuzungumze dakika 20. Hii ni wiki ya 5 sijamjibu. La tatu, kuna kikundi cha wanawake wanasayansi kinanialika, nami nachelea kwamba nikijiunga nitajulikana kwa jinsia yangu, kazi yangu isahaulike.

Ninafikiria kumwachia mwenzangu lile wasilisho, nijijenge kwanza kwa mwaka mmoja, nikishajiamini ndipo nijitokeze. Tena, kusema kweli, haya mambo ya konekisheni sijawahi kuyapenda. Naona ni njia ya wasio na kazi ya kuonyesha. Nimekua nikiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, nimwachie? Na huko kujiamini mtu anakupata wapi kabla hajajitokeza?

Wako,
Mwenye Bango

*

Marahaba mwanangu,

Umejiita Mwenye Bango, na nimefurahi kuona jina hilo chini ya barua yako. Nianzie hapo hapo, kwa sababu naona barua nzima imebebwa na yale maneno mawili uliyomjibu yule bwana.

Wewe umeyaita kujikana. Naomba uyatazame pamoja nami kwa jicho lingine. Yule bwana alikuja na picha ya mwenye bango kichwani mwake, na wewe hukuwamo. Ukapewa sekunde mbili hivi kuamua: umrekebishe mtu mzima, mgeni, mbele ya watu, kisha ujibu swali lake la kitaalamu huku uso umekupanda moto; au umwache na picha yake. Mdomo wako ukachagua salama. Wengi wamefanya hivyo, wakiwemo watu ambao leo wanaongoza maabara. Silisemi hili ili ulisahau. Nalisema kwa sababu umelibeba mwaka mzima kama ushahidi wa udhaifu wako, na mimi sioni kwamba linashuhudia hilo.

Mwaka 1977 mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter alichapisha uchunguzi wake kuhusu kampuni kubwa moja ya Marekani, na humo akawaeleza kwa kina watu wanaojikuta wachache mno miongoni mwa wenzao. Alieleza kwamba mtu wa namna hiyo huonekana kupita kiasi: akikosea, kosa linaandikwa kwa jina la wote wanaofanana naye, akifanikiwa, watu wanatazama sura kabla ya kazi. Kwa hiyo anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ile aliyoajiriwa na ile ya kujichunga. Ukisimama kando ya bango saa nzima unachoka mara mbili ya jirani yako, na uchovu huo haumo katika vipimo vya mtu yeyote.

Sasa methali yako. Kizuri chajiuza. Nami nimeikulia, na kuna siku huwa kweli. Lakini hebu rudi pale kwenye bango. Mtu alipita, akasimama, akasoma mpaka akainama, akatafuta mwenyewe amuulize. Kizuri kilijiuza, mwanangu. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea swali.

Na si kila mara kizuri kinajiuza, hata mbele ya wajuzi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uswidi, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa namna baraza la utafiti wa tiba la nchi yao lilivyowapa alama waombaji wa nafasi za utafiti. Walikuta kwamba mwanamke alihitaji kuwa na machapisho yenye uzito wa mara 2.5 hivi ili apewe alama za umahiri sawa na mwanamume. Na wakakuta jambo la pili ambalo watu hulitaja kwa nadra: mwombaji aliyekuwa na uhusiano wa kikazi na mmoja wa wajumbe wa kamati alipata alama za juu zaidi. Wale walikuwa wataalamu, wakisoma kazi za kitaalamu. Kujuana kulikuwa kumeshaingia chumbani kabla hata karatasi hazijafunguliwa.

Ndiyo maana nakuelewa unapolichukia neno konekisheni. Linanuka upendeleo, na upendeleo ndio uliokuweka nje. Ila nakuuliza, bila kukushinikiza: wenzako wanapoambiana jarida lipi linapokea nini, hilo nalo ni njia ya wasio na kazi ya kuonyesha? Au ni watu wanaoongea tu kuhusu kazi yao, na wewe hukaribishwi katika maongezi hayo? Mimi nadhani umeyaweka katika kapu moja mambo mawili. Kuna kutafuta cheo usichostahili kupitia mjomba wa fulani. Na kuna kuhakikisha kwamba watu watano au sita wanaoshughulika na utando wa bakteria wanajua kwamba kuna mtu anaitwa jina lako na anafanya nini. La pili ni sehemu ya sayansi yenyewe. Makala husomwa na kupimwa na wenzio kabla ya kuchapishwa, barua za mapendekezo huandikwa na watu wanaokufahamu, na majaribio hurudiwa na wale waliosikia kwamba yalifanyika.

Kuna kisa cha Marie Curie ambacho huwa nakirudia. Mwaka 1903 wajumbe wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa walipendekeza Tuzo ya Nobeli ya fizikia apewe Henri Becquerel na Pierre Curie. Jina la Marie hawakuliweka, ilhali utafiti wa mionzi aliofanya pamoja na mumewe Pierre aliuanzisha yeye. Mwanahisabati mmoja wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, akamdokeza Pierre kwa barua, na Pierre akajibu akisisitiza kwamba mkewe ahesabiwe pamoja naye. Tuzo ikawafikia wote wawili. Kazi ya Marie ilikuwa nzuri kabla ya barua zile na ilikuwa nzuri vilevile baada yake. Lakini kulikuwa na chumba ambamo yeye hakuwamo, na ikabidi mtu mwingine amtaje. Kila mwanasayansi anahitaji mtu wa kumtaja. Wengine wanampata bila kumtafuta, kwa sababu anafanana nao. Wewe unalazimika kumtafuta kwa kukusudia. Hiyo si haki, na sitakuambia kwamba ni haki.

Jambo la kukupa nafuu ni kwamba huhitaji kuwa rafiki wa moyoni wa mtu yeyote. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kuhusu watu waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Asilimia 16.7 tu ndio waliosema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Maelezo yake yananiridhisha: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, bali unayemfahamu kwa mbali anatoka kwenye mazungumzo mengine. Zile habari ambazo "kila mtu anajua" huwa zinasafiri kwa miguu hiyo. Nilipokuwa maabara, miaka mingi kabla sijaanza safu hii, aliyekuwa akinipa habari kuliko maprofesa wote ni fundi wa vifaa aliyekuwa akizunguka kutengeneza mashine za idara zote. Tulikuwa tukisalimiana na kuongea dakika tano, basi.

Kuhusu kujiamini kwanza, ndipo ujitokeze. Hapa nina swali kubwa zaidi kwako. Unasema kwenye darubini huna wasiwasi. Siku ya kwanza ulipoigusa ulikuwa hivyo? Nadhani ulivunja vioo kadhaa, ukapoteza sampuli, ukaaibika, na mikono ikazoea polepole. Ungesubiri kujiamini kabla ya kuigusa, hadi leo ungekuwa umesimama kando yake. Sisemi watu ni kama darubini. Kioo hakikuulizi mwenyewe yuko wapi. Nataka tu ujiulize huo mwaka mmoja wa kujijenga ungeutumia kufanya nini hasa, na pamoja na nani. Kama jibu ni kukaa peke yako na majaribio zaidi, nina hofu utamaliza mwaka ukiwa hodari zaidi kwenye kile ambacho tayari u hodari nacho.

Huenda umesoma mahali kwamba hali yako ina jina, hali ya kujiona laghai, kwa Kiingereza "imposter phenomenon". Pauline Clance na Suzanne Imes waliielezea mwaka 1978, baada ya kukaa na wanawake zaidi ya 150 wenye shahada na heshima katika fani zao, ambao ndani yao waliamini wamewadanganya watu na siku moja watagunduliwa. Moja ya mapendekezo yao ni kwamba wakae kikundi, kila mmoja amsikie mwingine akisema maneno anayodhani ni yake peke yake. Lakini usilikubali jina hilo harakaharaka. Likitumiwa vibaya linaweka shida yote kichwani mwako, na baadhi ya shida iko nje kabisa. Habari kukufikia zikiwa zimechelewa hakutokani na hisia zako.

Tuje kwenye lile wasilisho. Unaweza kumwachia mwenzako, na haitakuwa aibu. Utapata pumzi. Hatari ninayoiona ni kwamba maswali yatamwendea yeye, na baada ya kongamano watu watamkumbuka yeye kwa bakteria wako. Tena nafasi ya namna hii hairudi kwa ratiba. Ukikubali, hatari yake nayo ni ya kweli: unaweza kukwama jukwaani, na kwa kuwa uko peke yako, kukwama kwako kutaonekana kuliko kwa mwingine. Kuna njia za kuipunguza. Unaweza kufanya zoezi mbele ya watu watatu unaowaamini, wakuulize maswali magumu kuliko ya kongamano. Unaweza kumwomba mtu mmoja akae safu ya mbele, ili uwe na uso wa kuutazama. Au unaweza kumwomba msimamizi akutambulishe kwa jina na kwa kazi kabla hujaanza, ukumbi ujue mapema mwenye utafiti ni nani.

Na kabla ya kuamua lolote, umemuuliza msimamizi kwa nini alikuchagua? Umepokea jibu kutoka kwa mtu ambaye hakukuchagua, tena lililotolewa kwa kicheko, na ukalala nalo kitandani wiki zote hizi. Labda msimamizi atakuambia ni kwa sababu ya matokeo yako. Labda atakuambia alitaka pia sauti mpya isikike. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na la pili halilifuti la kwanza. Hakuna ukumbi unaompa dakika 12 mtu asiye na matokeo ya kuonyesha.

Kuhusu mwenzako huyo, sijui moyo wake. Unasema mnaelewana. Unaweza siku moja kumwambia, "Lile neno lilinichoma," na akawa mtu wa kwanza kukutaja kikaoni wazo lako likichukuliwa. Anaweza pia kujitetea na ukawa baridi kati yenu, na mnatumia meza moja. Wewe ndiye unayemfahamu.

Baruapepe ya profesa ndiyo niliyoitafakari zaidi, kwa sababu hapo naona umejihukumu kuliko alivyokuhukumu yeye. Wiki 5 ni nyingi kwako. Kwake ni ujumbe mmoja kati ya mamia. Wengi hukwama kwa sababu wanataka kuandika jibu linalostahili ukubwa wa anayeandikiwa. Ukitaka, unaweza kuandika mistari minne: asante kwa ujumbe, samahani nimechelewa, ningefurahi kuzungumza, na swali moja kuhusu makala yake ambalo umelibeba siku nyingi. Usimwombe awe mlezi wako. Hilo ni ombi zito kwa watu wasiojuana, na ulezi wa namna hiyo huja wenyewe baada ya maongezi ya tatu au ya nne. Waulize watu kuhusu kazi yao, wengi watakujibu hata kama ni wakubwa namna gani.

Hapa niweke angalizo moja, nami nalisema kwa mapenzi. Anayekaa peke yake hushukuru kupita kiasi anapopata mkono wa kwanza, na wapo wanaolijua hilo. Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, akitaka mazungumzo yenu yawe siri, au yawe usiku, au akukataze kushirikiana na wengine, una ruhusa ya kurudi nyuma bila kueleza sababu. Kutana na watu saa za kazi, mahali pa wazi. Na usimtegemee mmoja tu, hata akiwa mwema. Wema nao huhama, huugua, hustaafu.

Kikundi cha wanawake wanasayansi umekiogopa kwa sababu ya msingi, na sitaki kuipuuza. Walio wachache huombwa kila kamati, kila picha ya pamoja, kila ziara ya shule, na saa hizo hazihesabiwi siku ya kupandishwa cheo. Ukijiunga, uliza mapema wanatarajia muda gani kwako. Lakini kwenda kusikiliza mara moja hakukuandikii jina popote. Unaweza kukaa nyuma na kutoka bila kusema neno. Na kuna uwezekano mmoja ambao barua yako haikuutaja: kwamba humo yupo mwingine aliyewahi kusema mwenye bango ametoka kidogo. Kwa mtu aliyebeba jambo mwaka mzima bila kumwambia yeyote, huenda hilo likawa na thamani kuliko habari za ajira. Huenda pia lisiwe. Utajua ukiwa humo.

Sikwambii uanze na lipi, wala kwamba lazima uanze mwezi huu. Miezi 3 ipo. Wasilisho la jukwaani, baruapepe ya profesa na kile kikundi havihitaji uamuzi wa siku moja, na kimoja hakikufungi kwenye kingine. Unaweza kumjibu profesa na bado ukaliacha jukwaa. Unaweza kupanda jukwaani bila kujiunga na chochote.

Nina ombi moja. Nilikuwa mtu wa maabara, na tangu aya yako ya pili nimebaki na swali. Unasema dawa inawapitia juu tu. Je, umeona kwamba haipenyi kabisa kwenye utando, au inapenya lakini wale wa tabaka la ndani wamelala kiasi kwamba haina cha kuwashambulia? Nilitaka kumuuliza mwenye bango. Ukipata nafasi, niandikie unijibu.

Shangazi yako